Shahada za juu za isimu: yanayodhaniwa na yanayotakiwa

Anayesema kwamba anasomea uzamili wa isimu huulizwa kwanza anajua lugha ngapi. Dhana kwamba mwanaisimu sharti awe na lugha nyingi kinywani imeenea kuliko zote, nayo huwakatisha tamaa waombaji wanaofaa. Isimu huchunguza jinsi lugha inavyofanya kazi, na mtu anaweza kuhitimu kwa kuchambua lugha moja tu, mradi azifichue kanuni zake. Aliyelelewa kwa Kiswahili Unguja, kwa mfano, husema "nimemwona mtoto", na akisikia "nimeona mtoto" sikio lake hushtuka. Lakini "nimeona kitabu" haimsumbui. Huo ni umilisi wa mzawa, na hautoshi kumpatia shahada. Isimu huanza pale anapotakiwa kueleza kwa nini nomino ya kiumbe hai hudai kiambishi cha yambwa (ile "-mw-" ya "nimemwona", inayomwakilisha anayetendewa) kuliko nomino ya kitu, ni lini kitu nacho hukipata, na kama maelezo yake yatasimama mbele ya data za lugha nyingine za Kibantu. Wala kazi yake si kumsahihisha mtu wa bara anayesema "nimeona mtoto": usemi huo nao ni data.

Ni kweli kwamba baadhi ya vyuo vya Marekani humtaka mwanafunzi wa uzamivu athibitishe kwamba anaweza kusoma lugha nyingine isiyo Kiingereza. Kwa Mtanzania au Mkenya, sharti hilo huwa ni la kuonyesha alichonacho tayari.

Wengine huamini kwamba asiye na shahada ya kwanza ya isimu hapokelewi. Katika vyuo vyetu wengi wanaoingia uzamili ni walimu waliosoma Kiswahili au Kiingereza pamoja na elimu, na kinachotazamwa zaidi ni kiwango cha ufaulu. Asiyewahi kugusa fonolojia (mifumo ya sauti za lugha) au sintaksia (muundo wa sentensi) huenda akatakiwa kusoma kozi za msingi kwanza. Anayekimbilia isimu ili aepuke hesabu naye ajiandae, kwa kuwa semantiki rasmi, yaani uchambuzi wa maana kwa kanuni za kimantiki, husimama juu ya mantiki, na fonetiki, yaani uchunguzi wa sauti zinavyotamkwa na kusikika, hupimwa kwa takwimu.

Dhana inayogharimu zaidi ni ile ya kwamba ukishafaulu kozi umemaliza, na tasnifu ni kukamilisha utaratibu tu. Wanaokwama wengi hukwama hapo hapo. Pendekezo la utafiti hutetewa mbele ya idara na mara nyingi hurudishwa. Kisha hufuata kibali, ambacho nchini Kenya hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Baada ya hapo ndipo data hukusanywa, na saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa inaweza kula siku nzima au zaidi kuinukuu, kuigawa katika mofimu (vipande vidogo kabisa vyenye maana) na kuitafsiri. Mzawa wa lugha anayoichunguza hujiona ana njia ya mkato, lakini msimamizi makini hatakubali sentensi ambazo mwanafunzi amezitunga na kuziamulia mwenyewe usahihi wake. Mwishoni kazi husomwa na mtahini wa nje ya chuo, na masahihisho yake peke yake yanaweza kuchukua miezi.

Si lazima tasnifu hiyo iwe ya Kiingereza. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 2009, na katika idara za Kiswahili nchini Kenya, tasnifu za isimu huandikwa na kutetewa kwa Kiswahili.

Kuhusu uzamivu, kwetu kwa kawaida huwezi kuuanza bila uzamili, na hivyo wengi hudhani kila mahali ni hivyo. Programu nyingi za Marekani hupokea wenye shahada ya kwanza moja kwa moja. Huko hupimwa wakiwa ndani ya programu: MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kwa mfano, humtaka mwanafunzi aandike makala mbili za utafiti katika matawi tofauti ya isimu kabla hajaanza tasnifu. Ada nayo, ambayo huwatisha wengi, katika programu kama hizo kwa kawaida hulipwa na chuo, pamoja na posho, na mwanafunzi hufanya kazi ya ufundishaji. Msemaji wa Kiswahili mara nyingine hupewa darasa la Kiswahili.