Ajalini, usianze na majeruhi
Tangu zamani tunaamini mwokoaji hodari ni yule anayeshuka na kumkimbilia majeruhi moja kwa moja. Sivyo. Barabara ya Morogoro, pale Kimara usiku, gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akishtuka, kabla mguu haujagusa breki, ameshazimaliza. Ndiyo maana waokoaji hufundishwa kwanza kuegesha gari lao kubwa mshazari, nyuma ya ajali, liwe ngao, kisha kupanga koni kuanzia mbali. Matawi ya mwarobaini yaliyotupwa hatua tatu nyuma ya bampa, jamani, hayamwokoi mtu. Wewe mpita njia, piga 114 kwa zimamoto, toka kwenye lami, na usiyape mgongo magari yanayokuja.