Kutishia si kukata alama

Walezi wa vituo vya watoto waliokinzana na sheria huniita wakisema, "Huyu tumemnyima kila kitu, habadiliki." Mimi huuliza: jana alifanya jema gani, akapata nini? Wanatazamana.

Mwaka 1967, mjini Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, ilianzishwa nyumba ya kulea wavulana wachache wa namna hiyo, Achievement Place. Walezi walikuwa mume na mke, Elery na Elaine Phillips. Kila mvulana alikuwa na kadi ya alama. Kuosha vyombo vya mlo mmoja kulimpa 500 hadi 1,000. Kusahau kunawa kabla ya kula kulimtoa 100 hadi 300. (Alama kwa kunawa! Bibi yangu angecheka.) Wizi au uongo, 10,000. Alama hizo ndizo zilizonunua baiskeli, televisheni na ruhusa ya kwenda mjini.

Kilichonivutia zaidi ni majaribio yao ya maneno ya shari. Kuwakanya hakukusaidia sana. Walipoanza kukata alama 20 kila neno linapotoka, maneno yakaisha. Kisha wakaacha kukata, wakabaki kuonya tu: mkiendelea tutakata. Mwanzoni onyo liliwapunguza, halafu wakagundua hakuna kinachokatwa, maneno hayo yakarudi. Nyumba ngapi zetu zinaendeshwa kwa "utanikoma" isiyofika?

Lakini kukata nako kuna kiasi. Kijana mmoja nilimkata mfululizo hadi akawa anadaiwa alama za wiki nzima. Akaniambia, "Mwalimu, sasa hata nikitukana tena unanikata nini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kila anayekatwa huonyeshwa papo hapo kazi ya kurudisha nusu ya alama zake. Chakula hakiingii kwenye hesabu kabisa. Kanuni za Havana za 1990, za Umoja wa Mataifa kuhusu watoto walionyimwa uhuru, zinakataza kumpunguzia mtoto mlo kama adhabu.

Tatizo kubwa ni lango la kutokea. Tathmini za nyumba za mfumo wa Achievement Place zilionyesha makosa yanapungua vijana wakiwa ndani, ila baada ya kuondoka tofauti ikafifia. Kwa hiyo naanza na familia mapema. Bibi mmoja asiyejua kuandika aliikataa kadi yangu, akachukua kopo na punje za mahindi. Mjukuu akifika kabla ya magharibi, punje moja inaingia. Zikifika kumi, anaazimwa simu ya bibi jioni nzima. Akichelewa, bibi anatoa moja, hasemi kitu.