Kupima Hisa kwa Mtaji Kazi Halisi: Hesabu ya Mwekezaji Anayependa Tahadhari

Mfanyabiashara wa Darajani, soko la mjini Unguja, anapotaka kutoa zaka ya biashara haanzi na jengo la duka, rafu, mizani wala gari la kubebea mzigo. Huhesabu fedha alizonazo mkononi na benki, bidhaa zilizomo dukani na ghalani, na madeni ambayo ana matumaini ya kweli ya kulipwa. Kuhusu madeni ambayo yeye mwenyewe anadaiwa, wanavyuoni wana rai zao, na hapa si mahali pa kuziingia. Njia ya kupima hisa tunayoieleza katika makala hii inakaribiana sana na hesabu hiyo, kwani nayo huyaacha majengo na mitambo, ikatazama tu mali inayotarajiwa kugeuka fedha ndani ya mwaka mmoja, yaani mali za muda mfupi. Zinaachana katika ukali: zaka huzithamini bidhaa kwa bei ya soko ya siku hiyo, ilhali njia hii, katika kanuni yake iliyo kali zaidi, huzikata nusu, na huondoa kila deni la kampuni bila ya majadiliano.

Aliyeijengea njia hii misingi ni Benjamin Graham, mzaliwa wa London wa mwaka 1894 aliyekulia New York na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia. Soko la hisa la Marekani lilianguka mwaka 1929, na bei zikaendelea kushuka kwa karibu miaka mitatu. Mwaka 1932 Graham alieleza kwamba, katika kampuni za viwanda zipatazo 600 zilizoorodheshwa New York, zaidi ya 200 zilikuwa zikiuzwa kwa bei iliyo chini ya mali zao za muda mfupi baada ya kuondoa madeni, na zaidi ya 50 ziliuzwa kwa chini ya fedha taslimu na dhamana zinazouzika sokoni, kama hisa na hati fungani, ambazo kampuni zilikuwa nazo. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa hisa alipewa kiwanda, mashine na jina la biashara bure, kisha akapunguziwa bei ya kilichobaki. Hali kama hiyo haitokei kila siku, na haitokei bila ya sababu. Lakini iliacha kanuni ambayo hadi leo ina manufaa kwa anayetaka kujua kiwango cha chini kabisa cha thamani ya hisa.

Kanuni zenyewe ni mbili, na mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza hutupatia mtaji kazi halisi: chukua mali zote za muda mfupi zilizomo katika mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, kisha toa madeni yote, ya muda mfupi na ya muda mrefu kwa pamoja, pamoja na hisa za upendeleo, ambazo wenyewe hulipwa kabla ya wenye hisa za kawaida, kama zipo. Wahasibu wanaposema mtaji kazi kwa kawaida huondoa madeni ya muda mfupi peke yake. Hapa mkopo wa miaka kumi nao huondolewa, kwa sababu mwenye hisa ndiye wa mwisho kulipwa kampuni ikifungwa. Ya pili ni kali zaidi. Fedha taslimu na amana huhesabiwa zote, wadaiwa, yaani fedha ambazo kampuni inawadai wateja wake, huhesabiwa kwa asilimia 75, bidhaa kwa asilimia 50, gharama zilizolipwa mapema hazihesabiwi kabisa, na madeni yote huondolewa kama yalivyo. Kinachobaki tutakiita mtaji kazi halisi baada ya makato. Graham alipendelea kununua kwa bei isiyozidi theluthi mbili ya mtaji kazi halisi wa kanuni ya kwanza. Wapo wanaoitumia kanuni ya pili kama mpaka wao, wakiamini kuwa makato yenyewe yamekwishafanya kazi ya kuwalinda.

Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi yenye maghala Mwanakwerekwe na Chake Chake. Mizania yake inaonyesha fedha taslimu na amana za benki shilingi milioni 1,800, wadaiwa milioni 1,600, bidhaa milioni 2,400, na kodi ya pango na bima zilizolipwa mapema milioni 200, jumla milioni 6,000. Ina majengo, magari na mitambo ya milioni 5,000. Madeni yake yote ni milioni 2,900, na hisa zake ni milioni 4. Kwa hesabu za vitabu, yaani mali zote ukitoa madeni yote, kila hisa ina thamani ya shilingi 2,025. Kwa kanuni ya kwanza, milioni 6,000 ukitoa milioni 2,900 hubaki milioni 3,100, sawa na shilingi 775 kwa hisa. Kwa kanuni ya pili, tunajumlisha 1,800, 1,200 na 1,200, tunatoa 2,900, tunabaki na milioni 1,300, yaani shilingi 325 kwa hisa. Ikiwa hisa inauzwa shilingi 480, imefaulu kipimo cha theluthi mbili ya kanuni ya kwanza, ambayo ni kiasi cha shilingi 517, lakini imeshindwa kipimo cha kanuni ya pili. Wawili wanaosema wanafuata njia moja wanaweza basi kufika sokoni siku moja, mmoja akanunua na mwingine akaondoka.

Hesabu hiyo humchukua mtu dakika chache. Kazi iliyobaki ni kuuliza kama asilimia 75 na 50 zinastahili kwa kampuni hii, maana viwango hivyo ni makisio ya jumla. Tuseme maelezo ya hesabu yanaonyesha kuwa katika milioni 1,600 za wadaiwa, milioni 700 zimepindukia mwaka mmoja na zote anadaiwa mkandarasi mmoja. Deni la namna hiyo huenda likalipwa, lakini mwenye tahadhari halihesabu kwa asilimia 75. Akiliweka katika asilimia 20 na kuyaacha mengine kwenye asilimia 75, wadaiwa watakuwa na thamani ya milioni 815 badala ya 1,200, na thamani kwa hisa itashuka kutoka shilingi 325 hadi takriban 229. Shilingi 96 zimeondoka kwa sababu ya mstari mmoja ambao wasomaji wengi huuruka.

Bidhaa nazo hazilingani. Nondo na mabati katika ghala lililo karibu na bahari hushika kutu. Saruji iliyokaa katika unyevu wa masika huganda ndani ya mfuko. Vigae vya mtindo uliopita hukaa hadi mwenyewe akachoka kuviona. Kwa upande mwengine, mchele au sukari katika mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, hupata mnunuzi siku hiyo hiyo kwa bei isiyopungua sana. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha vinaitaka kampuni iandike bidhaa kwa gharama au kwa thamani inayoweza kupatikana sokoni, ipi iwe ndogo; lakini thamani hiyo hukadiriwa kwa biashara inayoendelea, yenye wauzaji na muda wa kusubiri. Muuzaji anayefilisika hana muda huo. Kwa maoni yetu, nusu ya bei ni ukarimu kwa mwani uliokaushwa vibaya na ni ukali kupita kiasi kwa mafuta ya kupikia, na anayeweza kwenda kuliona ghala kwa macho yake asiridhike na asilimia ya kitabuni.

Hata fedha taslimu zinahitaji kuangaliwa. Amana inaweza kuwa imefungwa benki kama dhamana. Ikiwa inadhamini mkopo wa kampuni yenyewe, usiikate, kwa kuwa mkopo huo umekwisha kuondolewa katika madeni na utakuwa unaadhibu mara mbili. Ikiwa inadhamini mkopo wa kampuni nyengine ya mmiliki huyo huyo, iondoe yote. Maelezo haya hayamo katika kurasa za mbele za ripoti. Yamo katika maelezo ya nyuma, mahali ambapo pia huandikwa kesi zilizoko mahakamani na madai ya kodi yanayobishaniwa, mambo ambayo huenda hayamo katika jumla ya madeni lakini yanaweza kuingia humo kesho.

Ziko biashara ambazo njia hii haizifai kabisa. Benki ni ya kwanza: mizania yake haigawi mali za muda mfupi na mrefu kwa namna hii, na amana za wateja ndizo bidhaa na deni lake kwa pamoja. Bima ni vivyo hivyo. Hoteli za pwani za Nungwi, Paje au Kiwengwa nazo mali zake karibu zote ni majengo na haki ya kupanga ardhi, ambayo hapa Zanzibar ni mali ya umma kisheria, na malipo ya awali ya wageni ni deni mpaka mgeni afike alale. Tangu mwaka 2019 viwango vya uhasibu vinataka madeni ya mikataba ya upangaji yaandikwe katika mizania, hivyo madeni yameongezeka bila ya mali ya muda mfupi kuongezeka. Hoteli nzuri yenye faida itatoa jibu hasi katika kanuni zote mbili. Jibu hilo halisemi kwamba hoteli haina thamani; linasema kwamba thamani yake itafutwe kwa njia nyengine.

Mwekezaji wa Unguja au Pemba anayetazama Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, atakuta kampuni chache, na kati ya hizo benki ni nyingi. Graham alinunua hisa za kampuni nyingi za aina hii kwa pamoja, akijua kuwa baadhi zitakufa na zilizobaki zitafidia. Wingi huo hapa haupatikani. Pia hisa nyingi haziuzwi kila siku, kwa hiyo bei inayoonekana inaweza kuwa ya wiki zilizopita. Manufaa makubwa zaidi ya njia hii kwetu, tunavyoona, yako nje ya soko rasmi: pale ndugu, jirani au mshirika wa biashara anapokuja na pendekezo la kukuuzia sehemu ya kampuni yake, na mazungumzo yote yanahusu faida ya mwaka kesho. Omba mizania iliyokaguliwa, fanya hesabu hii, na utajua ni kiasi gani cha bei anayoitaka kimesimama juu ya mali na kiasi gani juu ya matumaini.

Bei ya chini peke yake haimlindi mnunuzi. Warren Buffett, mwanafunzi wa Graham, alianza kununua hisa za Berkshire Hathaway, kampuni ya nguo ya New Bedford, mwezi wa Disemba 1962 kwa dola 7.50, wakati mtaji kazi wake ulikuwa dola 10.25 kwa hisa. Kiwanda hakikupona, kiliendelea kula fedha mpaka shughuli za nguo zikafungwa mwaka 1985, na mafanikio ya kampuni hiyo yalitoka katika biashara nyengine. Buffett aliweza kuzielekeza fedha kwengine kwa sababu alikwisha kuidhibiti kampuni tangu 1965. Mwenye hisa mia mbili hana uwezo huo. Katika mfano wetu, kampuni ikipata hasara ya fedha ya milioni 400 kwa mwaka, milioni 1,300 za kanuni ya pili zitakwisha ndani ya mwaka wa nne, na mmiliki mkuu ndiye atakayeamua kama ghala lifungwe au libaki.

Kwa Waislamu kuna jambo jengine la kuulizia mapema. Kampuni ambayo mali yake karibu yote ni fedha na madeni ina masharti yake katika fiqhi ya miamala, yaani sheria ya Kiislamu ya biashara, inapouzwa kwa fedha, na ni aina hiyo hasa ambayo kanuni hizi huzitafuta. Mashekhe wenye ujuzi wa masoko ya mitaji waulizwe kabla ya kununua, pamoja na kuulizwa kuhusu riba katika mikopo na amana za kampuni.

Atakayenunua airudie hesabu kila taarifa mpya ya fedha inapotoka, ya nusu mwaka na ya mwaka, kwa kutumia makato yale yale aliyoyatumia mwanzo. Mtaji kazi halisi ukishuka vipindi viwili mfululizo huku bei ikibaki ilipo, hisa imekuwa ghali ingawa bei haikupanda. Na bei ikipanda hadi kukaribia shilingi 775 za mfano wetu, sababu iliyomfanya anunue imekwisha, na itampasa ama auze, ama aanze kuitazama kampuni upya kwa faida yake na uongozi wake, kama mtu ambaye hajaimiliki.