Je, wajua kwa nini kutazama picha hakumfundishi mtoto kusoma?

Kwa muda mrefu, kila nilipoketi na mtoto anayesuasua kusoma, nilimwambia, "Tazama picha. Hili ni neno gani?" Naye alipatia. Siku moja nikaifunika picha kwa kiganja, likabaki neno peke yake: nyumba. Akalikazia macho, akasema, "Nyama."

Aliona ny mwanzoni, m katikati na a mwishoni, pengo akaliziba mwenyewe. Alifanya nilichomfundisha.

Wazo hilo halikuwa langu. Mwaka 1967 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Goodman, aliandika kuwa kusoma ni aina ya mchezo wa kubahatisha: msomaji hodari hupita juu juu na kukisia maneno kutokana na maana. Ni rahisi kuliamini, kwa sababu hodari huenda kasi hata aonekane hazitazami herufi. Kumbe anazitazama. Vipimo vya mwendo wa macho vinaonyesha kuwa macho yake hutua karibu kila neno lenye uzito, takriban robo ya sekunde kila mara. Anayetegemea zaidi kubahatisha ni msomaji dhaifu. Kwa hiyo tuliwazoesha watoto waliokwama tabia ileile iliyowakwamisha.

Basi neno hukaaje kichwani? Mtafiti Linnea Ehri ameeleza kuwa herufi hushikamana na sauti zake, moja baada ya nyingine, mpaka neno litambulike papo hapo. Fikiria uwanja wa majani marefu. Ukivuka mara ya kwanza, unapiga hatua polepole. Ukirudia mara kadhaa, majani yanalala na njia inaonekana. Baadaye unapita bila kufikiri. Mtoto anayekisia kwa picha amebebwa mgongoni: anafika ng'ambo, ila hakuna jani alilokanyaga. Kesho tunaanza upya.

Ndiyo maana mbinu ya sauti humtembeza mwenyewe. Anajifunza sauti ya herufi kabla ya jina lake, kwani "be" na "a" vikiunganishwa havizai "ba". Ni vizuri kuanza na sauti zinazovutika, kama m, s na l: mmmaaa, sssaaa. B na t hukatika mdomoni, hivyo kuziunganisha ni kugumu zaidi. Ny na sh hufundishwa kama sauti moja moja. Kisha aandike alichosoma, akitamka kila sauti.

Jopo la kitaifa la Marekani lililopitia tafiti mwaka 2000 liliona kuwa kufundisha sauti kwa mpangilio husaidia, hasa miaka ya mwanzo. Kwa wakubwa waliokwama faida ilikuwa ndogo, na ufahamu wa habari hudai pia msamiati. Tena ushahidi mwingi ni wa Kiingereza, chenye tahajia iliyopinda, yaani herufi zisizofuata sauti kila mara. Katika ulinganisho wa lugha za Ulaya wa mwaka 2003, watoto wa Scotland mwishoni mwa darasa la kwanza walisoma sawasawa asilimia 34 ya maneno waliyoyazoea. Wa Finland, ambako herufi hufuata sauti kama kwetu, asilimia 98.

Kwa yule mtoto nilirudi na neno lilelile, picha ikiwa bado imefunikwa. Akapitisha kidole chini ya herufi: ny… u… nyu. Akasita penye mb, akaitamka, akaongeza a. "Nyu-mba," alisema, kisha akalirudia haraka: "Nyumba!"