Lithiamu isiyoonekana katika unga wa betri

Pale Darajani fundi alinipasulia betri ya taa ya wavuvi wa dagaa, iliyokwisha chaji kabisa (yenye chaji usiipasue, huweza kuwaka). Ndani mna karatasi ya alumini iliyopakwa unga mweusi, unaonata kwenye glavu kama masizi ya chungu. "Hiyo ndiyo lithiamu yenyewe, mwalimu," akaniambia.

Wengi huamini hivyo, lakini sivyo. Betri ile ilikuwa ya fosfati ya chuma na lithiamu. Katika kila gramu 100 za kampaundi hiyo, lithiamu ni gramu 4 na ushei tu. Chuma ni 35, fosforasi karibu 20, iliyobaki ni oksijeni.

Dhana nyingine: neno "nano" linalotajwa kwenye betri lina maana ya dawa mpya iliyotiwa ndani. Nano ni udogo tu. Kampaundi hii hupitisha umeme kwa shida, ndiyo maana chembe zake hufanywa ndogo mno na kupakwa kaboni.

Dhana ya tatu huwapata hata wasomi: kwamba hadubini ya elektroni yenye kipimo cha eksirei husoma kila kilichomo. Kipimo hicho hutambua kila elementi kwa eksirei inayotoa ikipigwa na elektroni, lakini eksirei ya lithiamu ni dhaifu, hunyonywa kabla ya kufika kwenye kipokezi cha kawaida. Ripoti hutoka na chuma, fosforasi, oksijeni na kaboni, lithiamu hamna, na asiyejua hudhani kauziwa betri bandia. Tena hadubini huona chembe chache, na mnunuzi wa karafuu kule Pemba hapimi gunia kwa punje moja. Ili kuipata lithiamu, unga huyeyushwa kwa asidi, kisha maji yake hupuliziwa kwenye plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme, yenye joto la maelfu ya digrii. Hapo lithiamu hung'ara kwa wekundu wake wa nanomita 670.8, na ukali wa mwanga huo ndio unaotaja kiasi.

Linaloniuma zaidi ni kuamini kwamba sampuli ikishawekwa kwenye chupa haibadiliki. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo eneo linalokutana na hewa linavyozidi. Unga wa betri za aina nyingine, wenye nikeli nyingi, ukiachwa wazi katika unyevunyevu wetu wa masika, lithiamu hujitokeza juu, ikashikana na kaboni dayoksaidi na kuwa utando wa kaboneti. Asidi huyeyusha vyote viwili, unga na utando, jumla ikaonekana sawa, kumbe sehemu ya lithiamu imeshatoka ndani ya fuwele na haitafanya kazi tena. Kwa hiyo utando huo hupimwa peke yake, kwa titresheni ya asidi na bezi (kudondosha asidi kidogo kidogo hadi bezi iishe), ile ile wanayoifanya wanafunzi wetu wa skuli.