Roka za 1.6 hazisogezi taimingi ya valvu

Wengi wanaong'oa roka za 1.5 (roka ni mkono unaosukuma valvu; namba ni mara ngapi inazidisha mwendo wa nundu) na kufunga za 1.6 kwenye Chevrolet V8 ya lita 5.7 hutegemea taimingi ya valvu, yaani wakati wa kufunguka na kufunga, isogee. Haisogei. Nundu ya kemshafti ndiyo inayopanga valvu ifike kilele, yaani ifunguke kabisa, lini. Roka inazidisha tu. Nundu ya milimita 7.62 itafungua valvu milimita 11.43 kwa roka ya 1.5, na 12.19 kwa ya 1.6.

Kuna mabadiliko madogo pembeni. Kwa tapeti ngumu za kuseti (tapeti hukaa juu ya nundu na kusukuma pushirodi), zenye nafasi ya milimita 0.50 kwenye valvu, nundu hupanda 0.33 kwa roka ya 1.5 ndipo valvu ianze kutikisika. Kwa roka ya 1.6 inatosha 0.31. Valvu inawahi kidogo kufunguka na kuchelewa kidogo kufunga, lakini kilele kiko palepale.

Anayetaka kusogeza taimingi yenyewe aguse kemshafti. Tafuta kwanza pistoni ilipo juu kabisa kwa kuizuia na boliti krenki ikizungushwa upande huu, kisha ule; katikati ya vituo hivyo viwili ndiyo juu kabisa. Alama ya puli usiiamini. Weka daili geji kwenye tapeti ya valvu ya kuingiza, soma digrii za krenki tapeti ikiwa milimita 1.27 chini ya kilele ikipanda, na tena 1.27 chini yake ikishuka, jumlisha, kisha gawa kwa mbili. Ukisoma 76 na 140, kilele ni digrii 108 baada ya pistoni kufika juu. Kama karatasi ya kemshafti inasema 106, imechelewa digrii 2: iwahishe kwa gia ya krenki yenye njia kadhaa za chaveta (kipande cha chuma kinachoishika gia kwenye krenki). Kuwahisha huongeza nguvu mwendo wa chini, ila valvu ya kuingiza inasogelea pistoni.

Hapo ndipo injini hufa. Valvu na pistoni hukaribiana zaidi takriban digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu (ekzosi) na 10 baada yake (kuingiza), wala si valvu ikiwa imefunguka kabisa. Bandika plastisini juu ya pistoni, funga hedi na gasketi yake, zungusha krenki kwa mkono mara mbili, fungua, kata plastisini, pima unene wake: angalau milimita 2.0 kuingiza, 2.5 ekzosi. Pima kwa tapeti ngumu; ya haidroliki inabonyea na kukudanganya.

Springi nayo: valvu ikiwa wazi kabisa, koili zibakiwe na jumla ya milimita 1.5 kabla ya kubanana. Na roka ya 1.6 huivuta pushirodi karibu na stadi (boliti inayoshika roka), kwa hiyo angalia kama inasugua tundu la hedi. Ikisugua, refusha tundu hilo kwa faili kabla hujafunga.