Wakiso: neno la mzee lifungamanishwe na mahali pake

Wilaya ya Wakiso, Uganda, ilimegwa kutoka Mpigi mwaka 2000, na leo imeikumbatia Kampala karibu pande zote. Shamba la ekari chache linakatwa ploti za futi 50 kwa 100, tingatinga linapita, na kisima, msingi wa duka la zamani na ua wa mmea wa oluwaanyi uliokuwa mpaka vinaondoka kwa siku moja. Ndiyo maana anayerekodi kumbukumbu za wazee hapa azifungamanishe na mahali penyewe, kabla hapajafutika.

Kwa Namugongo, panapokumbukwa Mashahidi wa Uganda, sina hofu sana, maana mahujaji hufurika huko kila tarehe 3 Juni. Naggalabi, Buddo, alikotawazwa Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutebi II tarehe 31 Julai 1993, pana wenyewe. Wamala, karibu na Nansana, kuna masiro, yaani makaburi ya kifalme, ya Kabaka Suuna II, ambaye katika enzi yake wafanyabiashara kutoka pwani walifika Buganda; sisi wasemaji wa Kiswahili tuna fungu letu pale. Hofu yangu ni kwa mahali pasipo na kibao wala mlinzi, panapojulikana na wazee watatu tu wa kijiji.

Kwa hiyo usiishie kumrekodi mzee sebuleni. Anza hapo, dakika 45 hivi zinatosha, kisha siku nyingine, kama miguu yake inaruhusu, nendeni pamoja mahali penyewe. Njiani atakumbuka yasiyokuja akiwa kitini. Tatizo la kutembea ni kwamba kinasa sauti hakioni kidole. Akisema "duka la Mhindi lilikuwa pale", itikia kwa sauti: "Pale, yaani kushoto mwa barabara, hatua kama 30 kutoka msikitini?" Asipokubali atakusahihisha, na sahihisho hilo ni mali. Usipofanya hivyo utarudi nyumbani na saa nzima ya "pale" na "kule". Alama ya ramani kwenye simu huweza kukosea mita kadhaa, zaidi chini ya miti, basi pima pia kwa futi kamba kutoka kitu cha kudumu: kona ya msikiti, kanisa, daraja. Mwembe usiutegemee, utakatwa. Nyumba kuukuu ipime kuta zote pamoja na mishazari miwili ya kila chumba, kwa sababu kona zake mara nyingi hazina pembe mraba.

Usimwulize mama mzee "mwaka gani?" Atakupa mwaka wowote ili asikuvunje moyo. Uliza kwa matukio: Kabaka Mutesa II alikuwa bado uhamishoni Uingereza, au alikwisha kurudi, Oktoba 1955? Ilikuwa kabla ya jeshi kushambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, Mei 1966? Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? Andika tukio alilolitaja, halafu mwaka ulioukokotoa wewe, na uonyeshe wazi kwamba hesabu ni yako.

Simu ya kawaida inafaa. Iweke katika hali ya ndege, kwani simu ikiingia huweza kukata kurekodi. Chagua WAV, kHz 44.1, biti 16, mono: takriban MB 320 kwa saa. Ilaze juu ya kitenge kilichokunjwa, sentimita 30 kutoka kinywani. Ikikaa juu ya meza tupu, kila kikombe cha chai kitasikika kama nyundo. Redio izimwe. Mvua ikianza kupiga bati, acha, subiri ipite.

Picha za zamani usizibandue kwenye albamu. Zipige kando ya dirisha, bila flashi, na zile zilizo huru zipige nyuma pia, maana huko ndiko kuna muhuri wa studio na majina. Usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida: hubanwa, na tarehe iliyomo ndani ya faili hupotea.

Ruhusa iombwe mwanzoni, ikirekodiwa, na irudiwe mwishoni, mzee akishajua alichokisema. Mwulize nani asikilize: kila mtu, familia tu, au baada yake kufariki? Hapa Buganda jambo hili ni zito, kwa sababu maneno kuhusu mailo (ardhi yenye hati ya mmiliki) na kibanja (kipande cha mkaaji juu ya ardhi hiyo) yanaweza kuamsha kesi kati ya ndugu. Mipaka usiichokonoe. Akiigusa mwenyewe, andika dakika na uifungie sehemu hiyo, isisikilizwe na wengine.

Usiku uleule tengeneza nakala tatu, moja ikalale nyumba nyingine. Familia wape MP3 kwenye kadi ya kumbukumbu, wataisikiliza kwenye redio ndogo ya sokoni.

Kisha rudi na maandishi umsomee. Sisi tuliozoea Kiswahili hukosea hasa konsonanti za Kiganda zinazokazwa: okuta ni kuachilia, okutta ni kuua. Herufi moja ikidondoka, mfungwa aliyeachiliwa mwaka ule anageuka aliyeuawa, na wajukuu wake wapo wanasoma.